Maji Mdomoni

Jumatatu, 2 Juni

Uji saa moja. Mazoezi saa mbili. Leo kama jana. Nimemkalisha Baba Kemi mezani, nikauweka mkono wake wa kushoto juu ya kitambaa, nikaushika, tukaanza kugonga. Na-ta-ka ma-ji. Pigo moja kwa kila kipande cha neno. Sauti juu, sauti chini, so na mi basi, kama watoto wa chekechea. Mara kumi. Kisha nampa maji hata kama hana kiu. Ndivyo tulivyofundishwa hospitali.

Mkono wa kulia umelala mapajani. Haujafanya kazi tangu Januari, asubuhi ile kiharusi kilipomwangusha huko mwaloni, kwenye gati la wavuvi, spana mkononi, kichwa ndani ya injini ya mtumbwi wa mtu. Mguu umerudi nusu. Maneno hayajarudi, isipokuwa moja. Ndiyo. Baba Kemi anaitikia ndiyo kwa kila kitu. Una njaa? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Juzi nilimuuliza kama mimi ni mbuzi. Ndiyo. Nilicheka peke yangu, halafu nikaenda jikoni kulia.

Nina madaftari mawili. Katika lile la hospitali naandika maneno aliyotoa na kuweka alama za vema. Hili ni langu. Humu hakuna vema.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya hospitali. Chumba cha mwisho kwenye korido, viti kumi na kitu, kinanda kidogo cha betri. Wagonjwa sita na sisi tunaowauguza. Minza, mtaalamu wetu, ni binti wa Kisukuma, rika la Kemi wangu aliyeolewa Dodoma. Anamwamkia kila mtu shikamoo, hata yule mzee anayesinzia kitini. Leo ameeleza tena kwa ajili ya wapya. Maneno yana upande wake kichwani, wimbo una upande wake. Kiharusi kimeharibu njia ya maneno, basi tunajaribu kuyapitisha kwa njia ya wimbo. Mkono wa kushoto unagonga ili kuuamsha upande ule uliobaki mzima. Hakuahidi kitu. Nampendea hilo.

Tunaanza kwa kuvuma, midomo imefungwa. Baba Kemi anavuma chini kabisa, sauti ya nne, kama enzi zile kwenye kwaya ya parokia. Mimi nilikuwa sauti ya pili, yeye anasimama nyuma yangu. Tulijuana hivyo. Mimi Mhaya nimeshuka kutoka Muleba na cherehani yangu, yeye Mkerewe ananuka petroli hata Jumapili. Kwa miaka mingi sikuiona sura yake nikiimba, niliisikia sauti yake mgongoni tu. Leo nimeisikia tena palepale, mgongoni. Nimeandika kwenye daftari la hospitali: amevuma vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji Musiba amepiga simu kutoka Ukerewe. Ndiye kaka mkubwa wa Baba Kemi. Anasema ndugu wamekaa kikao, wameona mgonjwa arudishwe kwao, akakae moja kwa moja. Watakuja Jumamosi ya tarehe 28, yeye na baba mdogo wao, kumchukua. Sababu zao wanazo. Kule kuna nafasi, kuna hewa, kuna mtu wa mizizi aliyemwinua jirani yao. Mama yao haoni vizuri siku hizi, hawezi kupanda meli, anamuulizia kila siku.

Nikamwambia kisiwani hakuna Minza. Hakuna chumba cha kuimba. Akihama sasa, hayo maneno ndiyo basi tena.

"Mwenyewe anasemaje?"

Nikasema anataka kubaki.

"Hapana, shemeji. Hilo umesema wewe. Hebu mpe simu."

Nikampa. Sikusikia alichoulizwa, nilisikia majibu. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Musiba akasema, umesikia? Nikamwambia sasa muulize kama anataka kubaki. Akamuuliza. Ndiyo.

 Kisha akasema kwa upole, na upole wake umeniudhi kuliko ukali. Watakuja, watamuuliza mbele yangu. Akitamka kwa kinywa chake kwamba anabaki Mwanza, watapanda meli warudi zao. Ila liwe neno lake. Wamechoka kusemewa ndugu yao na mke.

Nina siku ishirini na mbili. Nimekasirika mpaka sindano imenichoma mara mbili.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mitume walipewa ndimi za kila taifa, wangu kapewa ndiyo. Nimewaza hivyo nikiwa kanisani na sijatubu.

Halafu kwaya ikaanzisha wimbo wa shukrani, ule wa zamani, na Baba Kemi akaimba. Si kuvuma. Maneno. Beti zote mbili, kila neno mahali pake, macho mbele. Benchi zima liligeuka. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, padri akatabasamu. Mimi nikakaa wakati watu wote wamesimama.

Nyumbani nikamuuliza atakula nini, ndizi au wali. Ndiyo.

Nimempigia Minza japo ni Jumapili. "Mama, wimbo ule amehifadhi siku nyingi, unatoka wenyewe kama chafya. Tunashukuru, lakini sisi tunatafuta neno alilolifikiri yeye." Nimeelewa. Sijapenda.

Jumanne, 10 Juni

Sentensi mpya. Nimeichagua mwenyewe. Nataka kubaki hapa.

Minza alishauri tuendelee na fupi fupi za kila siku. Maji, chai, choo. Lakini Musiba hafungi safari kuja kuuliza habari za choo.

Tumegonga mara thelathini. Tunakwenda pamoja vizuri sana. Akikwama namsukuma kidogo, anafuata. Kitu kimoja tu. Tukifika ku-ba-ki, mkono wake unasimama. Unanyanyuka juu ya kitambaa na kukaa hewani. Naushusha, tunaendelea. Ukaidi wa watu wa kisiwani, naujua, nimeishi nao.

Ijumaa, 13 Juni

Wadudu wa ziwani wameingia mtaani kama moshi. Wamejaa kwenye taa, kwenye uji, kwenye vitambaa vyeupe vya kwaya. Sijali. Amesema sentensi nzima mara nne leo! Daftari la hospitali limejaa vema. Nimeshona sketi tatu bila kusimama. Jirani kaniuliza kama nimepata mchumba.

Jumatatu, 16 Juni

Mara sita. Nimempigia Musiba. Nimemwambia waje na nauli ya kurudi wawili, si watatu. Alicheka. Nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha maringo.

Jumatano, 18 Juni

Aibu.

Nilimwambia Minza leo tuna zawadi. Nikamkalisha Baba Kemi mbele ya wote, nikaushika mkono, tukagonga, tukaimba. Nataka kubaki hapa. Wenzetu wakapiga makofi. Minza hakupiga. Alikuwa ameturekodi kwa simu. Alisubiri watu watawanyike kwenda kunywa chai, akanisogezea simu sikioni.

Ilikuwa sauti yangu. Mwanzo mpaka mwisho, sauti yangu. Chini yake kulikuwa na mvumo, ule wa sauti ya nne, bila neno hata moja. Kila alipokawia, nilikuwa nimeshafika kabla yake.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Ni mimi tu.

Siku nane nimeweka vema kwenye daftari la watu kwa kazi niliyoifanya mwenyewe. Musiba alisema namsemea mdogo wake. Alisema kweli, na kinachoniuma zaidi ni kwamba aliijua kwa simu akiwa ng'ambo ya maji, mimi niliyemshika mkono sikuijua.

Najua nilipoipata tabia hii. Marehemu mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, jirani yako akianguka, mbebe, waumini wasijue. Neno likimpotea, wewe ongeza sauti, funika. Nilikuwa hodari wa kufunika. Nimewabeba walevi, wenye mafua, waliotoka kugombana na waume zao. Ya pili, nikinyanyua ngumi, nyamazeni, wimbo haujaisha. Aliyeropoka ndani ya ngumi alifagia kanisa wiki nzima. Hiyo ya pili nilifagia sana.

Minza hakunigombeza. "Mama, wewe ni mwanakwaya mzuri. Hapa nakuomba uwe mbaya." Akaniambia niimbe naye mara ya kwanza, mara ya pili niishie katikati, ya tatu nimwachie peke yake. Hata akikaa dakika nzima. Nikasema nitajaribu. Nimejaribu jioni. Nimeshindwa. Mdomo unafunguka wenyewe.

Alhamisi, 19 Juni

Dawa nimeipata. Maji.

Namwimbia mara ya kwanza, kisha napiga funda la maji, nalishikilia mdomoni. Hapo hata nikitaka kumsemea siwezi. Nimegundua nilipokuwa napiga pasi, ninavyopulizia kitambaa maji kwa mdomo. Jambo la kijinga na limefanya kazi.

Kimya chake ni kirefu kuliko nilivyojua. Anatazama kitambaa. Midomo inatafuta. Koo linapanda na kushuka. Mimi na maji yangu. Mwishowe likatoka "na". Moja tu. Nimeliandika kwenye daftari la hospitali na kufuta vema vyote vya nyuma kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 21 Juni

Amekuta nimevimba mashavu akanitazama kwa makini, halafu akavimbisha lake, lile la kushoto linaloweza. Akanigeza! Nilicheka, maji yakamrukia usoni. Naye akacheka. Kicheko chake ni kilekile. Sijakisikia tangu Januari. Hatukufanya mazoezi tena asubuhi hiyo.

Siku saba.

Jumatatu, 23 Juni

Saa mbili na robo. Nilikuwa sijaanza hata kumwimbia. Nilikuwa nimepiga funda nijiandae. Mkono wake ukagonga wenyewe. Na. Ta. Ka. Nikaacha kupumua. Ma. Ji.

Peke yake. Na mimi mdomo umejaa, siwezi kupiga kelele. Nilitoka mbio hadi uani, nikatema kwenye mchicha, ndipo nikapiga kigelegele mpaka mashine ya kusaga ya jirani ikazimwa waje kuona nani kafa.

Nikampa maji. Akanywa glasi nzima, akanirudishia, nikaongeza. Kumbe alikuwa na kiu kweli. Wiki zote zile nimekuwa nikimnywesha kwa ratiba.

Jumatano, 25 Juni

Minza amesikia mwenyewe. Nataka maji. Nataka chai. Amefurahi, lakini yeye hufurahi kwa utaratibu.

Kubaki bado. Anatoa "nataka" vizuri, mara akifika hapo mkono unanyanyuka, unakaa hewani. Nimepiga funda la maji, nimesubiri, nimesubiri. Hakuna. Minza ametazama mara tatu. Akaniuliza, mama, hili neno alilichagua nani?

Nikasema mimi.

"Umemuuliza anachotaka?"

Nikamjibu vibaya kidogo. Mtu wa ndiyo unamuuliza vipi? Akasema chora. Chora nyumba yenu, chora meli, mwache aonyeshe kwa kidole. Ni kazi ya dakika moja.

Nimerudi nikachora. Nyumba upande mmoja, meli upande wa pili, kwenye karatasi ya kukatia nguo. Nimechora vizuri, hata bati la jikoni nimeliweka. Kisha nimeikunja karatasi nikaisukumia chini ya cherehani.

Niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kuniona. Sikumuuliza kwa sababu naogopa jibu.

Ijumaa, 27 Juni

Nimefua mapazia. Nimenunua sato wawili na mkungu wa ndizi. Nimenyoa ndevu zake. Mazoezi nimefanya nusu tu, sikulitaja lile neno.

Akiniangalia siku hizi simwelewi. Zamani nilikuwa namwelewa, au nilikuwa najielewa mimi.

Jumamosi, 28 Juni

Wameingia saa saba. Musiba na baba mdogo, mzee sana, fimbo na kofia. Nikampokea baba mdogo kwa shikamoo ya kupiga goti. Wakala. Ndizi zangu walizisifia, walivyozoea muhogo sijui kama walisema kweli. Baba mdogo akasali. Vyombo vikaondolewa, kikabaki kitambaa mezani.

Musiba alivuta kiti akakaa uso kwa uso na mdogo wake. Nilidhani atamuuliza la ndiyo. Hakuuliza la ndiyo. Nitamheshimu kwa hilo siku zote.

"Mdogo wangu, hapa hakuna wa kukulazimisha. Sema wewe. Unataka nini?"

Nikachukua glasi, nikapiga funda, nikalishikilia.

 Friji ilinguruma, ikanyamaza. Baba mdogo alikohoa. Baba Kemi alitazama mkono wake wa kushoto muda mrefu, kama fundi anayeangalia injini ya mgeni. Musiba akanitupia jicho, nikaona anachofikiri. Mwanamke huyu kanyamaza, kumbe hakuna kitu.

Kisha pigo. Na. Pigo. Ta. Ka.

Haikuwa tuni yangu ya so na mi. Ilitoka chini, sauti ya nne. Nilikuwa nalisubiri "ku". Moyoni nilikuwa nimeshalisema.

"Kwe. Nda."

Nataka kwenda.

Musiba aliruka kitini. "Mungu mkubwa! Amesema! Amesema mwenyewe!" Baba mdogo akapiga makofi, akaanza kushukuru kwa Kikerewe. Musiba akamkumbatia mdogo wake, akaniambia shemeji, umesikia, si mimi, kasema yeye, mfungie nguo zake.

Maji yalikuwa yamepata moto mdomoni. Nilitaka kumeza na kusema. Kakosea. Alikuwa anatafuta kubaki, limempotea, mimi ndiye ninayemjua. Nilikuwa na sentensi nzima tayari. Jirani akianguka, mbebe.

Nikauona mkono.

Musiba alikuwa amemkumbatia, watu wanashangilia, na chini yao ule mkono wa kushoto ulikuwa bado unagonga. Polepole. Pigo tupu, bila neno, kama mtu anayehesabu pumziko ili aingie mahali pake.

Nikanyanyua ngumi.

Musiba aliniona, akamwachia mdogo wake. "Shemeji, tumefikia hapo? Unataka tupigane?" Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha mkono kwa mdomo wangu uliovimba. Ngumi juu bado. Baba mdogo ndiye aliyeelewa kwanza. Akamvuta Musiba suruali mpaka akaketi.

Pigo. Pigo.

"Ma-ma."

Pigo. Pigo. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye paji. Pigo.

"Ku-ru-di." Akavuta pumzi. "Ha-pa." Na kiganja kikatua juu ya kitambaa, kikatulia.

Ndipo nikashusha ngumi. Ndipo nikameza.

Hakuna aliyeshangilia mara hii. Musiba alishika kichwa kwa mikono miwili. Akawa anasema tu, ni yeye, ni yeye mwenyewe, yumo humu. Baba mdogo akauliza kwa sauti ya chini kama tunaruhusiwa kuongea sasa.

Jumapili, 29 Juni

Nimeumia. Sijui kwa nini niumie wakati nimeshinda, lakini nimeumia.

Miezi mitano namlisha, namfulia, namwimbia, na neno la kwanza kubwa alilojitungia ni kwenda. Najua kuna kurudi nyuma yake. Nalijua. Lakini kwenda lilitangulia.

Halafu naona haya. Alitaka kumwona mama yake. Basi. Mama haoni, hawezi kupanda meli, na Musiba aliniambia tangu siku ya kwanza ya simu, nimeliandika mwenyewe humu, nikapita kama napita kibanda kilichofungwa. Miezi mitano mtoto hajaonana na mama yake. Kila siku anagonga meza anasema nataka, na kila siku namwekea mdomoni neno asilolitaka. Mkono ulikuwa unanyanyuka kulikataa. Mimi naushusha.

Nimetoa ile karatasi chini ya cherehani. Nikamwekea mbele, nyumba na meli. Hakuonyesha moja. Aliweka kidole kwenye meli, akakiburuta mpaka kwenye nyumba.

Nimemwomba msamaha. Ndiyo, akasema. Nimeichukua hivyohivyo.

Jumatano, 2 Julai

Minza amekubali aende kumwona mama yake, kisha arudi. Wiki mbili zitavumilika kama mazoezi hayakatizwi. Amemfundisha Musiba kugonga. Mikono ya Musiba ni ya kuvuta nyavu, anagonga mpaka meza inahama. Na mdomo wake hautulii, kila "na" ya mgonjwa yeye kashafika "ka". Nikampa glasi ya maji. Mtu mzima, mashavu yamevimba, macho yamemtoka. Minza alilazimika kutoka nje kucheka.

Alhamisi, 3 Julai

Wamepanda meli ya asubuhi. Ziwa limelala kabisa. Nimemvalisha sweta, maana kwenye maji kuna upepo. Daftari la hospitali nimempa Musiba.

Sikwenda nao. Nimewaambia nina sare za kwaya za sikukuu ya somo wa parokia, na ni kweli, zimebaki kumi na mbili. Lakini sababu ni nyingine. Nikienda, nitamsemea. Kwa mama yake, kwa shangazi zake, kwa kila atakayekuja kumwona. Sijaiva bado.

Kwenye ngazi alisimama, akawazuia watu nyuma yake. Akatafuta pa kugonga, akapata bomba la pembeni. Ku-ru-di. Wabeba mizigo wakasubiri mpaka akamaliza. Nilikuwa sina maji mdomoni, nikanyamaza hivyohivyo.

Ijumaa, 4 Julai

Sketi nne. Nyumba kubwa.

Saa mbili niliweka mkono mezani bila kufikiri.

Jumatatu, 7 Julai

Musiba amepiga saa saba mchana. Wamefika salama, mama yake alimshika uso kwa vidole kipande baada ya kipande, masikio, pua, kidevu nilichokinyoa. Tangu siku hiyo hataki akae mbali naye. Asubuhi wanavuma pamoja. Yule mtu wa mizizi alikuja, Baba Kemi akamtazama, akagonga, akasema "nataka chai". Mtu wa mizizi akaletewa chai, akanywa, akaenda zake.

Kisha Musiba akasema subiri, shemeji, kuna mtu hapa. Nikasikia simu inawekwa juu ya kitu. Nikasikia kuku. Nikasikia pumzi zake, nazijua.

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini. Sikumwita, sikumuuliza hujambo, sikumwanzishia. Muda ulipita. Nadhani Musiba alikuwa amepiga funda la maji, maana hakukuwa na sauti yoyote upande ule.

Pigo. Mbao, nadhani. U. Pigo. Me. Pigo. Ku. Pigo.

"La."

Umekula?

Hilo sikumfundisha. Halimo kwenye daftari la hospitali, wala Minza hakumfundisha. Ndilo alilokuwa ananiuliza kila siku akirudi kutoka mwaloni, kabla hajavua viatu, na mimi nilikuwa simjibu, namwambia kanawe mikono.

Nikamwambia bado. Akakaa kwenye simu, anasubiri. Nikamwambia naenda kupika sasa hivi, nikaenda.